Acha Toroli Liende

Alhamisi. Mawingu tangu asubuhi, upepo wa Newala unatia vumbi hadi kwenye chai, na mimi nina furaha nisiyoweza kuificha.

Leo nimefundisha mtu kazi.

Mimi, ambaye msimu uliopita nilitolewa ghalani nimebebwa. Toroli la umeme, lile linaloinua chaga ya mbao na magunia ya korosho juu yake, liliniponyoka kwenye mteremko wa mlangoni nikaweka mguu kulizuia. Vidole viwili vikaenda. Wageni huniuliza ni akili gani hiyo. Ni akili ya huku kwetu. Nani wa Kitangari hajasukuma baiskeli yenye madumu ya maji, ikitaka kurudi nyuma akaizuia kwa mguu? Mguu unaifanya kazi hiyo kabla kichwa hakijaamua.

Msimamizi alinipa nafasi ya kufundisha kwa sharti: mzigo ukiharibika, narudi kuchambua korosho. Nilikubali.

Mwanafunzi wangu ni Baba Shadia, aliyeuza maji kwa baiskeli miaka na miaka. Asubuhi nzima nilimwimbia wimbo mmoja: likikuponyoka, kaa pembeni, acha liende. Akawa anaitikia, "Nimeelewa, Mama Zuhura," kama mtu anayemridhisha mkwe.

Mchana likamponyoka, palepale mlangoni. Nikaona mguu wake wa kulia unatangulia.

"Acha liende, Baba Shadia!"

Sauti ile sijui niliitoa wapi. Mguu ukarudi. Toroli likagonga ukuta, magunia yakapasuka, korosho zikamwagika mpaka uani.

Msimamizi alikuja amefura. "Nani kaliachia?"

"Mimi ndiye niliyemwambia aliachie," nikasema. "Korosho zinaokoteka, bosi. Vidole vyangu havikuokoteka."

Akatazama kiatu changu, kisha miguu ya Baba Shadia, yote miwili mizima. Akaniambia kesho niwafundishe na wa zamu ya jioni, halafu akainama kuokota pamoja nasi.

Najivuna, ndiyo. Anayetaka kunisema na aniseme.

Tulipofunga ghala, Baba Shadia alinifuata getini. Huyu ni mtu wa rika la baba yangu, kila siku mimi ndiye ninayemwamkia. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nikacheka kwa aibu, nikainamisha uso, nikashindwa kuitikia.

Hapa kwenye shajara naweza.

Marahaba, Baba Shadia.