Nimeliharibu Jiwe la Mama Mkwe

Mpendwa Bi Inshirah, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo mama mkwe wangu, Hajjat Insaf, anakuja kwetu hapa Tanta kukanda biskuti za Idi, na hazikandi popote ila juu ya kaunta ya jikoni kwetu, jiwe la marumaru alilolikuta kwa mama mkwe wake akalitumia miaka thelathini kabla ya kutuachia nyumba, na kila akija hulipapasa kwanza ndipo anisalimie. Mimi lilinichosha, madoa ya chai, mikwaruzo ya visu, basi jirani akaniambia, "Dada, siku hizi nani anateseka na jiwe? Bandika karatasi ya plastiki, yenye sura ya marumaru vilevile." Nikabandika, nikafurahi, hadi nilipotua sufuria ya mchuzi wa mulukhiya ikitokota, plastiki ikajikunja na kunata, kwa hofu nikabandua yote, gundi ikabaki, nikaimwagia siki na ndimu, si ndivyo tunavyosafishia kila kitu, nikaacha adhuhuri hadi alasiri, na nilipofuta, gundi iko palepale ila jiwe limefifia, linakwaruza mkono kama ulimi wa paka. Pembeni mwa sinki nikakuta na rangi ya mafuta ya kijani imeng'ang'ania, hata sijui imetoka wapi. Mume wangu, Wagdi, ananiambia, "Tandika kitambaa, mama haoni vizuri siku hizi." Bi Inshirah, anaona. Mwaka jana aliona nimehamisha kopo la chumvi. Nampenda yule mama, na naogopa akiliona jiwe hatakanyaga tena kwangu. Nitandike kitambaa, au nirudi kwa mama yangu?

Hebatallah, Tanta

Hebatallah mwanangu, usirudi kokote, na kitambaa kirudishe kabatini. Unga wa samli unataka jiwe baridi, Hajjat atakivuta hicho kitambaa hata hajavua viatu. Jirani yako mpe salamu zangu, mwambie abandike kwake.

Siki na ndimu ni za samaki. Marumaru huliwa na ukali wa vitu hivyo, kwa hiyo hapo huoni uchafu, unaona jiwe lililolika. Najua ulishikwa na hofu, lakini adhuhuri hadi alasiri, binti yangu?

Sasa sikiliza. Gundi ipake mafuta ya kupikia, ikilainika ikwangue kwa kadi ya plastiki, uoshe kwa sabuni. Nunua msasa wa maji, anza na wa kukwaruza kidogo, uende kwenye laini, umalizie na laini kabisa, jiwe likiwa limelowa muda wote. Wagdi asugue pia, mikono yake si ya kushikia rimoti tu. Mwisho paka unga wa kung'arishia, wauza marumaru wanao. Ukiona limefanya mabonde, mwite fundi mwenye mashine. Halitang'aa kama kioo, litakuwa laini na lililofifia kidogo, na biskuti hazitajali.

Ila ile rangi ya kijani usiiguse. Rangi ya mafuta haijipaki, na wewe mwenyewe umeniambia jiwe lilikuwa kwa nani miaka thelathini, na kabla yake lilikuwa la nani. Inaonekana si wewe bibi harusi wa kwanza kulichoka.

Alhamisi, Hajjat akishalipapasa, mwambie ukweli wote, siki na ndimu usivifiche. Kisha mwoneshe pale pembeni mwa sinki, umuulize kwa adabu ilikuwaje. Na kabla hajajibu, mpe kipande cha msasa.