Meno Sita ya Chini

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 9 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limeacha kugombana na zile ngazi za kwako. Shemeji naye, presha imetulia? Mwambie apunguze chumvi na apunguze taarifa ya habari, maana vyote viwili vinapandisha. Sisi huku hatujambo. Mama ana nguvu zake, anasikia anachotaka kusikia, na juzi amemfokea fundi bomba mpaka akairudia kazi yote upya. Ulimi huu, kama ujuavyo, hatukuuokota njiani.

Umenipigia simu mara kadhaa nami sikupokea. Usidhani nimenuna. Ninaandika kwa sababu kwa kalamu bado nasema vizuri. Kwa mdomo, dada, mimi si yule Wembe uliyemlea.

Meno yangu ya juu yameng'olewa yote. Hilo ulilisikia kwa Mama. Usilolisikia ni kwamba matatu kati ya hayo yalikuwa mazima.

Fizi zilikuwa zinaliwa taratibu miaka mingi, nami nilikuwa najua na sijui. Sisi tunamwendea daktari wa meno kama tunavyokwenda polisi, jambo likishaharibika. Nilipokwenda, yule mama daktari akanipiga picha ya taya, akaiweka mbele ya taa, akanionyesha kwa ncha ya kalamu. Haya yanacheza, hayana maisha. Haya matatu yameshika vizuri, tuyaache, tutibu fizi, tuone.

Unanijua. Nilikuwa nimeshasoma kila nilichokipata kuhusu meno ya kupandikiza, skrubu zinavyoingia na mfupa unavyozikumbatia. Nikamwambia kazi ya nusu nusu ni uoga. Nikamwambia paa lililoliwa na mchwa haliachiwi boriti tatu kwa huruma.

"Mzee, jino si boriti," akasema.

Nikamjibu kwa hoja. Akaniambia, "Nikishang'oa, usije ukaniambia nikurudishie." Nikamjibu kwa hoja nyingine. Mwishowe akavua miwani, akaifuta kwa koti lake, akasema, "Haya. Mdomo ni wako." Nikatoka pale kifua mbele, nimeshinda. Wiki iliyofuata nikachomwa sindano ya ganzi, na ushindi wangu ukaangushwa kwenye bakuli la bati, jino baada ya jino.

Mke wangu alipopata habari kamili hakufoka. Afadhali angefoka. Alinitazama tu, akasema, "Wewe ungebishana hata na malaika wa mauti, ukamshinda, kisha ukaondoka naye kwa kuona haya kurudi nyuma."

Sasa mfupa lazima upone miezi kadhaa kabla ya skrubu kuingia. Hapa katikati navaa meno ya bandia ya muda, bamba linalofunika kaakaa lote. Hujui kitu gani kinapotea mpaka kipotee. Chai siisikii moto wake mpaka iwe imeshanifika kooni. Ganda la mkate nalilowanisha kama mtoto. Nilikuwa nikishona kifungo, uzi naukata kwa meno bila kufikiri. Juzi nilikaa na shati mapajani, uzi mdomoni, nikawa natafuna tafuna kama mbuzi, mpaka binti yangu akaniletea mkasi.

Lililoniuma zaidi lilitokea kwenye mdahalo wa kuhamisha soko. Unamkumbuka yule wakili mnene ninayepambana naye magazetini tangu tukiwa na nywele? Nilikuwa nimeshamfikisha pembeni, ukumbi unanguruma, nimebakiza sentensi moja ya kummaliza. Bamba likateleza. Neno likatoka limevunjika, na mate yakafuata. Nikaziba mdomo kwa kiganja. Mtu yule, dada, mimi ningekuwa mahali pake ningemrukia mwenzangu pale pale, lakini yeye alijifanya anakohoa. Akamwomba mwenyekiti tupumzike kidogo, akanisogezea glasi ya maji, akanigeuzia mgongo ili nijirekebishe. Miaka yote hiyo nimemwita kila jina, na siku aliyonipata uchi alinifunika nguo. Nilirudi kwenye kipaza sauti, nikasema sina la kuongeza. Walishangaa wote. Mimi, sina la kuongeza!

Ndiyo maana ulipotuma ujumbe kwamba ning'oe na ya chini, nipandikize kinywa kizima kwa mkupuo mmoja nipate usingizi, nilitamani sana kukubali. Nimechoka kuwa na aibu. Na nafasi ilikuwa imeshawekwa, Alhamisi hii, ya kuondoa yote yaliyobaki.

Nawe unacheka kama msichana na meno yako mapya ya kupandikiza, sibishi. Nimeona picha, nimefurahi. Ila wewe hukuwa na hata moja la kuokoa. Uliingia pale mtupu ukatoka na meno. Mimi naingia na meno.

Hasira yangu nyingine nimeielekeza kwenye yale mabango ya njia kuu. Umewahi kuyaona? Mzee mwenye mvi anang'ata tofaa, meno meupe kama vigae vya bafuni, na maneno makubwa: tabasamu jipya. Hakuna bango linalosema kwamba fizi mbovu iliyoua jino la Mungu inaweza kula na mfupa ulioshika skrubu, usipobadili mwenendo. Hakuna bango linalosema utayasugua hayo mapya kwa bidii kuliko ulivyowahi kuyasugua ya kuzaliwa. Nilianza kuandika makala ya kuwachana. Nikafika katikati nikaiacha. Bango halikunidanganya mimi. Mimi nilikuwa na mtu wa kuniambia ukweli, akaniambia, nikamnyamazisha.

Jana nilikwenda kwake bila miadi. Nikakaa kwenye kile kiti, nikamwambia, "Daktari, leo sina hoja hata moja. Niambie ungefanya nini kama nisingekuwa na ulimi."

Akacheka kidogo. Akayagusa ya chini moja moja kwa kile kijiti cha chuma. "Magego haya mawili hayafai, yatoke. Haya sita ya mbele yameshika. Ningeyasafisha mpaka chini ya fizi, ningeyalinda. Yanaweza kukaa miaka."

"Na yale matatu ya juu?"

Alikuwa ananawa mikono. Akanawa muda mrefu. "Yangekaa," akasema. "Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Ulikuwa na majibu mengi, mzee. Na nje kulikuwa na wagonjwa wanasubiri."

Basi nimeamua, dada, na naomba usinikasirikie. Juu nitapandikiza mfupa ukishapona, maana huko sikujibakizia njia nyingine. Chini sipandikizi. Nitabaki na sita yangu, ya manjano, yaliyopinda, niyasugue asubuhi na jioni kama askari anayesugua buti. Nikifa nayo, sawa. Yakianguka yenyewe, nitakuwa nimeyasindikiza. Lakini sitayatoa tena kwa sababu nimepata neno tamu la kuyatolea.

Uamuzi huu hautanirudishia yale matatu. Kila ninapopitisha ulimi juu nayatafuta, mahali pake hasa, na ulimi hauzoei.

Alhamisi nitakwenda na mke wangu, yatoke yale magego mawili tu. Tumekubaliana yeye ndiye atakayezungumza na daktari kila kitu. Kazi yangu mimi itakuwa kufungua mdomo tu.

Msalimie sana shemeji, na wanao, wajomba zangu wadogo wote wawili, hasa yule mkorofi anayependa kubisha. Mwambie mjomba amemwonea fahari na amemwonea huruma. Mama anakupa baraka zake na anauliza utakuja lini, asikie sauti yako bila waya. Mungu akutunze, akupe afya ya kila kiungo, na akupe watu wa kukuambia ukweli na sikio la kuupokea.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,

Wembe