Mpolandi wa Kilomita Hamsini

Al Baraha, Dubai
9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu katika Bwana. Natumaini u mzima, na Mama pia, na kwamba goti lake limetulia tangu mvua zipungue. Mimi sijambo. Joto la huku sasa limefika pale mtu anashika kitasa cha mlango kwa kitambaa, lakini kazini kuna AC na chumbani tunamshukuru Mungu.

Najua ni miaka minne sijakuandikia, wala wewe hujaniandikia. Habari zako nazipata kwa Mama. Leo nimeshika simu kwa sababu nimekutana na mtu ambaye ningeona vibaya usimjue.

Nafanya kazi katika kliniki ya viungo hapa Oud Metha. Nawashika wagonjwa wanapojifunza kutembea upya, nawahesabia mazoezi, nawakanda. Mkubwa wangu ni Bi Asila, mama wa Kizanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, anayejua mifupa ya watu kama wewe unavyojua vilima vya Keroka.

Mwezi uliopita alikuja mwanamke wa Kipolandi, Danuta Wierzba, miaka thelathini na sita. Mume wake ni fundi wa ndege, wanaishi Al Twar. Amepasuliwa nyonga. Nilipoyaona mapaja yake nikajua huyu si mtu wa ofisini. Bi Asila akaninong'oneza, "Huyo bingwa wa dunia, mwanangu. Mara mbili. Anakwenda mbio juu ya theluji, kavaa mbao miguuni."

Ni mbio za nyika, Baba, kama zako, ila kwenye theluji. Mbao mbili ndefu nyembamba, wao wanaziita skii, na fimbo mbili mikononi, msituni, kilomita kumi, thelathini, hata hamsini. Si wale wa kwenye runinga wanaoteremka tu. Hawa wanapanda.

Madaktari wa kwao wamemwambia khalas, mchezo umeisha. Yeye anataka kukimbia kilomita hamsini za Norwe Machi ijayo, mara moja tu, halafu aache kwa hiari yake. Siku ya kwanza aliniangalia akaniuliza, "Wewe Mkenya, unakimbia?" Nikasema hapana. Akasema, "Unatembea kama mtu anayekimbia."

Nimeona nikuambie.

Binti yako,
Rispah


Keroka
1 Julai 2024

Rispah,

Barua yako ilifika kwa simu ya mama yako, nimeisoma mara mbili. Simu inanikatisha maneno, kwa hiyo naandika kwa kalamu, yeye atapiga picha akutumie. Mama yako ni mzima, goti halijambo. Mimi nipo. Majani ya chai mwaka huu ni mazuri. Wasichana ninaowafundisha mbio sasa wamefika kumi na mmoja.

Kuteleza si kukimbia. Anayeteleza anabebwa. Lakini umesema wanapanda, na hapo sijaelewa: mtu anapandaje mlima juu ya kitu kinachoteleza? Muulize. Muulize pia asubuhi kabla hajatoka kitandani moyo wake unapiga mara ngapi kwa dakika.

Baba yako


Al Baraha, Dubai
4 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Mama na wale wasichana kumi na mmoja. Mimi ni mzima.

Moyo wake unapiga mara thelathini na nane. Nilipomwambia ni Baba yangu anayeuliza, alicheka mpaka Bi Asila akachungulia mlangoni.

Kuhusu kupanda: katikati ya mbao, chini, wanapaka nta. Ukikanyaga kwa uzito wako wote inashika theluji, ukiachia, unateleza. "Ukikanyaga nusunusu," anasema, "unarudi nyuma mbele ya watu wote." Kwa hiyo habebwi, Baba. Kila hatua ni yake.

Baba yake alikuwa tarishi katika kijiji cha milimani, kusini mwa Polandi, akipeleka barua kwa skii, na Danuta akimfuata nyuma tangu ana miaka sita. Kocha wake wa kwanza alikuwa mwalimu wa jiografia. Wakati wa kiangazi, theluji isipokuwepo, alifanya mazoezi kwa skii za magurudumu kwenye barabara ya malori ya magogo. Akiwa na miaka ishirini na mmoja alikwenda Olimpiki akawa wa sitini na moja kati ya sitini na wanne. Gazeti la kwao likaandika kwamba alikwenda kutazama mandhari. Alikikata kipande hicho akakibandika juu ya karo la jikoni, akaosha vyombo mbele yake miaka sita.

Baada ya hapo akawa wa nne. Tena wa nne. Tena wa nne. Ndipo yakaja mashindano ya dunia, kilomita thelathini. Hapa nataka usome polepole.

Kilomita ya kumi na saba theluji mpya ilianza kuanguka, nzito, ikaganda chini ya mbao kama tope la shambani chini ya gambuti. Wote waliendelea kujikokota. Yeye alisimama. Katikati ya mbio, Baba! Akatoka njiani, akavua skii, akaanza kuzikwangua kwa kucha, na kucha zilipokatika akatumia ncha ya fimbo. Watu kumi na tisa wakampita. Kocha wake alikuwa kando anapiga kelele asisimame, analia kabisa. Sekunde arobaini na tano. Halafu akavaa, akaondoka, akawapita mmoja mmoja, akashinda kwa sekunde mbili.

Nilimuuliza kama hakumwogopa kocha. Akasema, "Nilimwogopa. Lakini yeye hakuwa amevaa skii zangu."

Miaka miwili baadaye alishinda tena. Kisha nyonga ikaharibika.

Binti yako,
Rispah


Keroka
2 Septemba 2024

Mwanangu Rispah,

Tunamshukuru Mungu, sote ni wazima. Mama yako anauliza kama unakula mboga.

Nilimwomba mwalimu wa shule ya jirani anitafutie video ya huyo mama. Tuliiangalia na wasichana baada ya mazoezi. Nimekosea niliposema anabebwa. Nimefundisha mbio miaka ishirini na saba na sijaona mtu akipanda kilima vile, mikono na miguu ikifanya kazi pamoja kama watu wanne wanaovuta kamba. Nilirudisha nyuma mara tatu waone mabega yake.

Sasa sikiliza. Nyonga iliyopasuliwa haitaki lami. Huko kwenu kuna mchanga mwingi. Mwambie apande vilima vya mchanga alfajiri na fimbo zake, hatua fupi, kisigino kisishuke. Wiki tatu za kwanza apande kwa kutembea tu. Mchanga utamfundisha kukanyaga kwa uzito wote bila kumvunja.

Ile habari ya kusimama nimeifikiria.

Baba


Al Baraha, Dubai
17 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Natumaini mko salama. Huku baridi imeanza, hata sisi tunavaa sweta asubuhi. Naandika kuhusu mambo mawili.

La kwanza litakufurahisha. Danuta alifanya kama ulivyosema. Mume wake anatupeleka na gari hadi jangwani, Al Qudra, kabla jua halijachomoza. Alianza kwa kutembea, sasa anapanda mbio. Kule juu lazima awepo mtu wa kushika saa, halafu amfuate kilima kinachofuata, na mtu huyo ni mimi. Kwa hiyo, Baba, nakimbia. Sikupanga. Siku ya kwanza nilikimbia kwa sababu alikuwa ananiacha. Juzi, kwenye kilima cha nane, alianguka kifudifudi, uso wote mchanga. Nikamshika, nikamwambia khalas, twende nyumbani. Akatema mchanga, akasema, "Vimebaki viwili?" Akapanda vyote viwili.

La pili ni zito. Mguu wangu wa kushoto ulianza kuuma pale pale pa zamani. Bi Asila akanipiga picha ya mfupa. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniita. "Hebu njoo uone. Mfupa huu ulipasuka zamani ukajiunga wenyewe. Nani kakwambia ukimbie na mguu umepasuka, mwanangu?"

Nakutumia picha hiyo.

Unakumbuka majaribio ya timu ya taifa, Februari 2020. Siku tatu kabla, nilikuambia mguu unauma ndani, si juu. Ukaniambia maumivu ni mgeni, ukimlisha anakaa. Nilisimama kilomita ya nane. Ulinipita bila kunitazama ukaingia kwenye gari. Nyumbani hukunisemesha hadi siku niliyopanda ndege. Miaka yote hii nimeamini kwamba mimi ni mtu wa kuacha mambo njiani.

Sikuandikii ili kukukosea heshima. Nimeona ujue.

Rispah


Al Baraha, Dubai
20 Januari 2025

Baba,

Salamu. Natumaini kunyamaza kwako si ugonjwa. Mama anasema u mzima.

Bi Asila ameitia sahihi fomu ya kumruhusu Danuta ashindane, baada ya kumkagua siku mbili na kumgombeza siku tatu. Danuta ameshaondoka kwenda Polandi kutafuta theluji. Mguu wangu si mbaya, napumzika kama nilivyoagizwa.

Kama barua yangu ilikuumiza, pole. Lakini sifuti nilichoandika.

Binti yako


Keroka
16 Februari 2025

Mwanangu Rispah,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mama yako ni mzima. Mimi mwili ni mzima.

Nilichelewa kwa sababu nilitafuta kwanza mtu wa kuniambia kwamba daktari wenu amekosea. Nilikwenda na picha yako hadi hospitali ya Kisii. Daktari kijana aliitazama, akasema, "Mzee, huyu angeongeza kilomita mbili, mguu ungevunjika kabisa." Aliniuliza kama ni mkimbiaji wangu. Nikasema ni binti yangu. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka wakafunga maabara.

Mwezi huu niliwasimamisha wasichana wote, nikawaeleza nilichokufanyia. Sikupunguza. Nilipomaliza mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na mimi naumwa. Wiki ya tatu sasa." Alikuwa ameogopa kuniambia. Nimempeleka, na kweli, mfupa ulikuwa umeanza kupasuka. Sasa anapumzika, na mimi nashindwa kulala nikifikiria kabla yake walikuwa wangapi.

Usiniambie kwamba sikujua. Nilikuona unachechemea tangu kilomita ya pili. Niliona, na nikaomba usisimame, kwa sababu nilitaka timu ya taifa kuliko ulivyoitaka wewe.

Nisamehe, mwanangu. Usipoweza sasa, nitangoja.

Baba yako


Al Baraha, Dubai
10 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini wewe na Mama mko salama, na yule msichana anapata nafuu.

Barua yako niliisoma kwenye metro, nikapitiliza vituo vinne. Nimekusamehe. Bado panauma, kama mguu, lakini nakanyaga.

Sasa kaa chini. Jana ilikuwa Norwe. Bi Asila aliweka kompyuta kwenye meza ya mapokezi na tukawageuzia viti wagonjwa wote. Mzee Mubin, wa kiharusi, alikataa kwenda kwenye mazoezi yake. "Mimi siondoki hapa mpaka mwanamke huyo amalize!"

Kilomita ya ishirini alikuwa wa kumi na saba. Bi Asila alikuwa anasali kwa sauti. Kilomita ya thelathini, wa kumi na mmoja. Anashindana na wasichana wa miaka ishirini na miwili, Baba, nyonga zao mpya kabisa! Kilomita ya arobaini wa sita, na pale kwenye kilima kirefu nikaona hatua fupi, kisigino juu, zile zile za mchangani. Nikapiga kelele peke yangu. Akampita mmoja, akampita wa pili, akampita wa tatu. Kilima cha mwisho walikuwa watatu wamebanana, Mnorwe, Mswidi na yeye, na kwa kweli nilidhani atawashinda. Walimwacha kwa urefu wa mwili kwenye mita mia za mwisho. Wa tatu. Shaba, na miaka thelathini na saba ametimiza juzi.

Aliangukia mstari wa mwisho akalala hapo, mvuke unamtoka kama sufuria. Bi Asila akapiga vigelegele, mzee Mubin akasimama bila mkongojo, na hakuna aliyegundua mpaka alipokaa.

Walipompa kipaza sauti alisema amemaliza, hatashindana tena, na amefurahi. Kisha akasema anamshukuru mwalimu mmoja wa Kenya ambaye hajawahi kumwona, aliyempeleka mchangani. Jina lako alilitamka vibaya, lakini alilitamka.

Leo amenipigia. Anataka kuja kukuona. Mimi likizo yangu ni Agosti, siwezi kuja naye. Je, aje?

Binti yako,
Rispah


Keroka
2 Mei 2025

Mwanangu mpenzi Rispah,

Amani iwe nawe. Mama yako ni mzima, na amenenepa kwa kicheko, maana kwa siku sita alikuwa na mgeni aliyekula matoke na mboga chungu na kuinua sahani aongezwe.

Danuta alikuja. Siku ya kwanza alitaka kukimbia na wasichana. Kwenye kilima cha kiwanda cha chai hewa ilimwishia. Huku kwetu ni juu sana. Akasimama, akashika magoti, akacheka. Wasichana wote wakasimama wakamngoja, na mimi sikuwaambia waendelee. Siku ya Sabato alikaa kanisani kati ya mama yako na wazee wa kanisa, akafuata nyimbo zote bila kujua neno. Jumapili aliwafundisha wasichana kupanda kwa fimbo tulizokata kwenye mikalitusi. Yule wa mfupa alikaa kwenye jiwe, na Danuta alikaa naye kwa muda mrefu kuliko wengine wote. Sijui walizungumza nini. Msichana amerudi na uso mwingine.

Nimewaona mabingwa wengi, mwanangu. Sijamwona asiye na majivuno kama huyu. Medali alizileta kwenye soksi, akawaachia wasichana wazishike kadiri walivyotaka.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa tunakunywa chai nje. Akaniuliza, "Mwalimu, miaka yote hii, kati ya wote uliowafundisha, nani alikuwa bora kuliko wote?"

Nikamjibu kabla hata sijafikiri. "Rispah."

Akaweka kikombe chini. "Yeye anajua?"

Gari lilikuja likamchukua, na mimi nikabaki na swali lake tangu Jumanne hadi leo.

Ulikuwa wewe, Rispah. Kabla ya wote na baada ya wote. Nilijua tangu una miaka kumi na minne, na sikuwahi kufungua mdomo.

Baba