Mikanda Saba ndani ya Friza

Rochester, 9 Januari 2019

Mwanangu Renata,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha kila theluji inapokaribia. Natumaini huko Tucson hamjambo na jua lenu halijawakausha.

Simu imefika, pamoja na kile kilenzi cha kubana juu yake, cha kukuza vitu vidogo. Ahsante, ingawa nilinuna. Miaka thelathini na moja kiwandani nimepaka dawa filamu za kamera gizani, tukipigiana miluzi kwenye korido ili tusigongane, halafu mwanangu ananitumia kitu kilekile kilichotufungia kiwanda, kamera isiyohitaji filamu! Nilikitupa kwenye droo ya vijiko. Siku ya tatu nikakitoa, nikakisogeza kwenye barafu iliyoganda dirishani.

Renata, nilisimama pale mpaka supu ikaungua. Tangu tumzike mdogo wako Marek sijashika kamera, mwaka wa tano huu, nikadhani jicho limekufa. Kumbe halijafa. Baadaye nikapiga picha ya chumvi. Kila punje ina kuta na pembe zake, kama nyumba.

Picha nitakurushia kwa simu, maneno nitayatuma kwa posta kama tulivyozoea. Usinipigie. Nikishika simu naropoka.

Mama yako


Tucson, 28 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, jua linatuchoma lakini tunalipenda.

Ile barafu nimeibandika ofisini. Bosi alidhani ni manyoya ya ndege. "Mama yako msanii, eh?" akaniuliza. Nikamwambia mama yangu ni mkaidi. Ungenisikiliza mwaka juzi nilipokusihi uchukue simu ya kamera, saa hizi ungekuwa umepiga elfu nzima!

Na Krismasi ijayo uje. Mwaka jana ilikuwa goti, mwaka juzi goti, na goti hilohilo linapanda ngazi za kanisa kila Jumapili. Mama, una nini na mimi?

Mwanao, Renata


Rochester, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya ni ileile. Nimepungua kidogo, gauni la kanisani limekuwa pana.

Nimepiga ganda la chungwa, bawa la nzi, uzi wa kifungo. Naamka nikijiuliza leo nipige nini, kama zamani kabla hamjazaliwa. Jirani yangu Bi Ostrowski anasema nimerukwa na akili, kisha anazunguka mlango wa nyuma na brochi ya mama yake, pambo la kifuani, nimpigie picha.

Umeuliza nina nini na wewe. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme, lakini jicho limerudi na kidonda kimerudi nalo. Unajua sisi watu wa kiwandani hatuweki filamu kabatini, joto huiharibu. Nilikuwa na mikanda saba kwenye friza, chini ya njegere, haijasafishwa bado. Kiangazi cha mwisho cha Marek chote kilikuwa humo. Nilingoja nipate moyo wa kuisafisha. Baada ya mazishi wewe ukaamua kuondoa uchafu kwenye friza, ukaitupa pamoja na nyama ya zamani. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unasugua huku unalia. Nimejaribu kukusamehe, Renata. Nimeshindwa.

Mama yako


Tucson, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Leo sitauliza hali.

Sikuitupa. Niliitia mkobani nikaja kuisafishia huku. Ninazo picha zote, mia mbili hamsini na mbili. Nilitaka kukuletea uone kama zawadi, lakini nikazitazama kwanza.

Mkanda wa kwanza, Marek anacheka kwenye ngazi na mashavu anayo. Wa nne, mifupa ya mabega inachungulia kwenye fulana. Wa saba, Mama, hata mpita njia angejua kwamba mtu huyu anakufa. Na wewe unazidi kumsogelea, na wala si kumuuliza una nini mwanangu, ni kutafuta mwanga wa dirisha! Kiangazi kile uliniandikia: "Marek hajambo, anapendeza sana kwenye picha." Nikakuamini, sikuja. Nikaja kuzika.

Usinihubirie habari za kusamehe. Ulimtazama kwa lenzi, macho ukayaweka pembeni.

Renata


Rochester, 30 Mei

Mwanangu,

Salamu. Mimi sijambo.

Nimekaa na barua yako wiki kumi. Nilijua amekonda. Kila nilipofungua mdomo alisema, "Mama, piga picha, maswali acha," nami nikapiga. Ilikuwa rahisi kuliko kuuliza. Basi, umeshasikia.

Picha za Marek usizilete. Zangu nitaendelea kukurushia, kama bado unazitaka.

Mama yako


Tucson, 18 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hasira haijaniisha, sitakudanganya. Lakini picha zako nazisubiri kila asubuhi kabla hata ya kahawa.

Lile pazia linalopitisha jua! Ile glasi ya maji, mapovu yameng'ang'ania kioo! Na ule utepe mweupe wa plastiki wenye vitundu, umeutoa kwenye zawadi gani? Kivuli chake kimenimaliza. Siku hizi mwanga wako ni mtulivu, unatoka upande mmoja tu. Hujawahi kupiga vizuri hivi.

Nitakuja Septemba, tukae tuongee kama watu wazima.

Mwanao, Renata


Rochester, 9 Julai

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye meza yako ya jikoni. Barua yangu ya Juni nimeikuta hapa, imefunguliwa.

Mwisho wa mwezi picha zilikoma. Nikadhani umeninunia. Siku ya nne nikazipanga zote sakafuni kwa tarehe, kama nilivyozipanga za Marek. Tangu Mei ni dirisha moja, pazia moja. Ule utepe nikaukuza, na pembeni nikaona herufi za jina letu, zimekatika nusu. Ni ule wanaowafunga wagonjwa mkononi hospitalini. Nikakupigia, hukupokea. Nikampigia Bi Ostrowski.

"Alinikataza nisikwambie," akasema. "Barua zako nampelekea wodini, kisha nazirudisha mezani kwake. Kila nikimshauri akwambie ananijibu, mwanangu anaziona picha."

Nilifika Alhamisi. Wewe ulikuwa umeondoka Jumatano. Tumekuzika jana, kando ya Marek, na watu wa kiwandani walikuja, wale waliobaki.

Gizani mlipigiana miluzi ili msigongane. Mimi ulinipigia kila asubuhi kwa miezi miwili, nami nikausifia mluzi.

Muuguzi alinikabidhi simu yako. Katika picha ya mwisho umekibandua kile kilenzi, ukajipiga mwenyewe, uso mzima. Mashavu hayapo, Mama. Hata mpita njia angejua. Hukuituma. Nimeshinda nayo asubuhi hii nikikulaumu: kwa nini hukuituma, kwa nini hiyo tu ukaificha? Kisha nikaichukua hiyo barua yangu ya Juni hapa mezani, nikaisoma tena.

Ungeituma, ningekujibu kwamba mwanga ni mzuri.

Mwanao,
Renata