Maneno Niliyoyakata Chini ya Picha

Mpendwa Mama Mwansa, naomba msaada wako na unifichie jina, maana nimejifunga kamba mwenyewe. Kazi yangu ni kupiga picha za tableau za zamani katika makumbusho madogo hapa Lubumbashi, zile zilizochorwa juu ya gunia la unga na kuandikwa maneno chini, ili ziingie kwenye kompyuta zisipotee, na mwezi wa pili nikafikia moja ya uporaji wa 1991, watu wanatoka dukani na mali vichwani, na unajua desturi yetu, mwenye kuagiza tableau ndiye anayemwambia mchoraji aandike nini, basi Papa Kataliko, mwenye duka hilo la mtaa wa Kenya hapa mjini, aliandikisha hivi: "Magasin ya Kataliko, Kenya, 1991. Clément, ndugu yangu, iko anabeba frigo." Mama, Clément ni baba yangu, leo mzee wa kanisa, na frigo, yaani friji lile, lipo jikoni kwetu, lilikufa zamani, mama anawekea unga, na sisi watoto tuliambiwa lilinunuliwa. Nikakata maneno kwenye picha niliyopiga, nikaingiza mchoro peke yake, picha nzima nikaificha kwenye clé USB, kisha mvua ikapasua paa la makumbusho, na gunia likaoza pale pale penye maneno.

Juzi akaja Céline, binti wa Kataliko, amekimbia vita Kivu ya Kaskazini walikohamia baadaye, baba yake marehemu, nyumba imeungua na picha zote. Akaniita dada mkubwa, "Yaya, natafuta tu fasi moja yenye kuwa na jina ya papa." Nikamwonyesha mchoro usio na maneno. Akaangalia sana, akasema, "Magasin zote zinafanana. Kama haina jina, nitajua namna gani ni yetu?" Akaenda, na clé USB nikabaki nayo mimi. Nikisema, namvua baba nguo mbele ya kanisa zima. Nisiposema, namnyima Céline jina la baba yake. Nifanye nini?

Binti yangu, pole. Sasa kaa chini nikugombeze.

Ulipewa kamera ili vitu visipotee, na wewe ndiye uliyepoteza. Mvua ilikuja baada yako. Na usinitajie heshima ya baba, hujamwuliza hata siku moja.

Soma tena maneno yale, ulikuwa na haraka ya kuyakata. Watu walijaa mlangoni na mali vichwani, Kataliko akaandikisha jina moja tu, akaongeza "ndugu yangu". Wale wengine walimwibia. Baba yako alimuumiza, na nadhani mzee Kataliko alikufa akingoja kusikia neno kutoka kwake.

Leo hii, kabla ya chakula, mwonyeshe baba picha nzima, mama akiwepo. Atakasirika, mwache amalize. Kesho irudishe picha kwenye kompyuta na umwambie mkubwa wako ulichofanya, kwa mdomo wako. Kisha ichapishe kubwa, na maneno yake yote, mumpelekee Céline, na baba ndiye atakayesema. Kanisa litaongea wiki mbili, litachoka.

Na lile frigo. Najua halifanyi kazi, sijali. Toeni unga, lioshwe, baba alipandishe kwenye mkokoteni alisukume mwenyewe mpaka anapokaa Céline. Wewe tangulia na kamera. Chini ya picha hiyo utaandika: "Clément iko anarudisha frigo." Na hayo usiyakate.