Koti la Jenerali Halikuchomwa

Kavira,

Koti lipo. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza nani alikuja kukuzika na nani alilia. Lipo hapa Kasese, nyumbani kwangu, limetundikwa ukutani juu ya cherehani, na yeyote anayeingia analiona. Sikulificha. Kaka yako Paluku alitaka lichomwe siku ileile tuliyokuzika. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini kwanza ujue kwamba lipo.

Watu wananiambia marehemu hasomi barua. Sawa. Mimi nimezoea kuzungumza nawe bila kujibiwa. Miaka yote hiyo nilipokuwa nakupima ulisimama mikono umeinyoosha, midomo yako imebana pini zangu, mimi naropoka na wewe unaguna tu. Basi simama hivyo hivyo unisikilize.

Nimekuwa nikiikumbuka siku ulipokuja kwenye baraza langu mara ya kwanza. Wewe na Paluku mlikuwa mmevuka mpaka si zamani, mkikimbia vita vya kwenu Kongo, upande wa Beni, mkakaa Bwera mkiuza chumvi na samaki wakavu sokoni. Mimi nilikuwa binti wa mchimbaji. Baba alitoka Kenya kufuata shaba ya Kilembe, nikakulia katika nyumba za mgodi, kisha nikateremka Kasese kushona magauni ya komunio na sare za shule. Ukaniambia kwamba huko parokiani Bwera mna kikundi cha maigizo, Wakongomani, Wakonzo wenyeji na watu wa mgodini, na mnaigiza kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ambayo kila mmoja wenu anaivunja kwa namna yake. Ukasema mnataka koti la jenerali.

Nikakuuliza jenerali mwenyewe yuko wapi nimpime.

Ukasema, "Ni miye."

Nilicheka, Kavira. Ulikuwa mfupi, mwembamba, na sauti yako ilinilazimu niinamishe sikio. Wewe hukucheka. Uliketi kwenye ngazi ukanisimulia juu ya wanaume waliofika nyumbani kwa mama yenu. Hukusema walikuwa wa upande gani, ulisema wote walivaa makoti. Mkubwa wao, aliyejiita jenerali, alikaa kwenye kiti cha mama yako akala kuku wake huku nyumba inawaka nyuma yake. Wewe ulikuwa kwenye migomba unamtazama anavyotafuna. Ulitaka kumvaa mtu yule. Ulitaka watu wamcheke mpaka akose mahali pa kukaa.

Nililishona kwa blanketi la kijivu. Mabega niliyajaza pamba, bitana nikaweka kitenge kilichobaki kwenye gauni la mteja, na fundi mmoja wa mgodini akanikatia vifungo kutoka kwenye bomba kuukuu la shaba. Medali zilikuwa vizibo vya soda. Lakini lilikuwa kubwa mno. Nilikuwa nimelikata kwa kukisia ukubwa wa jenerali, si wa kwako. Mikono ililing'inia kupita vidole, pindo likafagia chini. Niliona aibu, nikachukua chaki nianze kulipunguza. Ukanishika mkono, ukaniita yaya, yaani dada mkubwa kwa lugha ya kwenu.

"Ukiipunguza, yaya, itanikaa sawa. Ikinikaa sawa, batu batacheka nini?"

Sikuelewa mpaka nilipokuona jukwaani. Pale Bwera, katika ukumbi wa parokia, koti liliingia kwanza na wewe ukaja nyuma yake, ndivyo ilivyoonekana. Jenerali anataka kunyoosha kidole kutoa amri na kidole hakitoki. Anakunja mkono wa koti, anakunja, anakunja, watu wanangoja amri, na mwishowe kinatoka kidole chako kidogo kama cha mtoto. Mama mmoja kando yangu alicheka hadi akaangua kilio. Yeye pia alikuwa ametoka ng'ambo ya mpaka. Siku hiyo nilijua kwamba sikushona nguo. Nilikuwa nimekushonea mahali pa kusimama.

Na wewe ulijua. Kabla ya kutokea jukwaani ulikuwa unalinusa koti, unaligonga kifua, unanyamaza. Hakuna aliyethubutu kukusemesha. Ukishalivaa, sauti ile niliyokuwa naitafuta kwa sikio iliufikia ukuta wa mwisho wa ukumbi wa Kilembe, wachimbaji wakiwa wamejaa hadi madirishani. Ukilivua unarudi kuwa Kavira wa chumvi na samaki, unaniomba maji kwa kunong'ona.

Kisha wanajeshi wakaichukua serikali. Wengi katika kikundi waliacha, na siwalaumu. Ninyi mlioendelea mlicheza huko Muhokya, mkacheza kwenye harusi, na wewe hukubadilisha neno hata moja. Jenerali alikuwa wa kwenu, ulisema, wa zamani, na ikiwa huyu aliyechukua serikali hapa anajiona ndani yake, hiyo ni shida yake. Habari zikafika kambini.

Ulinisimulia mwenyewe siku ya pili yake, na mimi nataka niiandike hapa ibaki mahali. Walikuita. Maofisa walikuwa wamekaa wanakunywa mchana, wakakuamuru uigize waone kama unachekesha. Uliwaambia huwezi, koti liko kwa fundi. Mkubwa wao akasema igiza hivyo hivyo, na gauni lako. Ukamjibu kwamba bila koti hakuna Jenerali, kuna mwanamke anayepiga kelele. Akavua koti lake mwenyewe, lile la kazi, akakutupia. "Vaa. Hii nguo ya jenerali kabisa."

Wewe ukalikunja vizuri, kama unavyokunja nguo ya mtu, ukamrudishia kwa mikono miwili.

"Hii yako iko ya kweli, afande. Ya kweli haichekeshi."

Alikupiga kofi, na sikio lako la kushoto halikupona tena. Walikuweka juani hadi magharibi, wakakuachia na onyo. Ulikuja kwangu umevimba uso, nikadhani umekuja kulia. Ulikuja kuuliza kama kifungo cha tatu nimeshakikaza.

Kwa hiyo usistaajabu kwa niliyoyafanya Bwera.

Kifua chako kilianza msimu wa mvua, na kabla sijapata nafasi ya kuja kukuona nikaletewa habari kwamba umekwenda. Nilipanda lori la kahawa. Tulikuzika vizuri, Kavira. Waimbaji wa parokia waliimba, wanawake wa sokoni walifunga meza zao wakaja wote. Ulivaa gauni la bluu nililokushonea Pasaka. Baada ya kurudi nyumbani, Paluku alitoa nje mkeka wako na nguo zako za ugonjwa ili zichomwe, na juu yake akaweka koti.

Nililitoa kwenye rundo. Akaniomba nilirudishe. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, na watoto wake wanne walikuwa wamesimama mlangoni. Alisema askari wa mpakani wanapekua nyumba kila wiki, na siku watakapolikuta hawatauliza lilikuwa la nani. "Yaya," akasema, "mwenye koti amekufa. Batoto bangu beko bazima. Acha ichomeke na maneno yaishe."

Simdharau kwa hilo. Woga wake una majina manne na wote wanakula. Lakini nilimwambia maneno hayaishi hivyo. Nilimwambia mtu aliyeichoma nyumba ya mama yenu naye alitaka maneno yaishe, na kwamba mimi sitamsaidia mtu yule kumaliza kazi yake kwa kiberiti cha Paluku. Kama koti linaua, basi lije kuua Kasese, nyumbani kwa aliyelikata. Paluku akamwaga mafuta ya taa juu ya mkeka, akanigeuzia mgongo, nikajua ameniachia.

Sikulifunga kwenye furushi wala kulitia kapuni. Kapu ndilo wanalopekua. Nililigeuza, kitenge kikaja nje na blanketi ndani, nikalivaa, nikapanda lori. Mvua ilikuwa inanyesha, nikaonekana mwanamke aliyejifunika kutoka matangani. Kwenye kizuizi tuliteremshwa sote. Askari mmoja akanipapasa kifuani kwa kitako cha bunduki, akasikia kitu kinagongana.

"Ndani iko nini?"

Nilikuwa na uongo mwingi nimeuandaa njiani. Ulipofika wakati wake niliuchukia. Nikamwambia, "Vizibo vya soda, afande."

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwenda wazimu. Akasema panda, panda, toka hapa. Nilifika Kasese nimelivaa.

Sasa nikuambie jambo ambalo huenda litakukasirisha. Kikundi hakijafa. Wamebaki wachache, na amekuja Kabugho, binti wa wakulima wa Karambi. Ni mrefu, mpana wa mabega, sauti yake inaita ng'ombe mlima wa pili. Alikuona ukiigiza akiwa msichana na anayajua maneno yako yote. Nilimvika koti. Kavira, lilimkaa. Lilimkaa kabisa, kama aliyepimwa, na mle barazani kwangu akasimama jenerali wa kweli. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe niliogopa.

Nilikaa nalo siku kadhaa bila kuligusa. Nilitaka libaki lilivyokuwa kwako, na mabega yaliyokunywa jasho lako. Halafu nikakumbuka jinsi ulivyolikunja koti la yule afande ukamrudishia. Koti lisilochekesha si la kwetu, hata kama ulilivaa wewe. Nikachukua mkasi.

Nilitoa pamba ya mabegani. Mikono niliikata kwenye viwiko. Kiuno nilikibana hadi vifungo vya shaba vikakataa kufika kwenye matundu yake. Sasa ni jenerali aliyekula kuku wa watu mpaka nguo zinamkataa. Akiinua mkono kutoa amri koti linambana pumzi, akikaa kwenye kiti mshono wa mgongoni unapasuka kutoka shingoni hadi kiunoni. Huo mshono naushona kwa uzi mbovu kwa makusudi, na baada ya kila mchezo naushona upya. Kabugho aliponiona nakata alilia kwa ajili yako. Nikamwambia alie baadaye, kwanza anyooshe mikono.

Tulicheza Karambi, mchana kweupe, kwenye harusi, nyuma ya nyumba, na kijana wa mwenye nyumba akaketi barabarani kutazama magari ya askari. Mshono ulipopasuka, Kavira, wazee waliachia fimbo zao. Bibi harusi alicheka hadi shela ikaanguka. Nilikuwa nyuma ya pazia la mashuka, sindano mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika sikusikia baridi.

Paluku alikuwepo. Sikumwalika. Alikuwa amesimama ukutani na watoto wake, mdogo begani. Nilimwangalia wakati Jenerali anaketi kwenye kiti kula kuku. Alifumba macho. Mshono ukapasuka, watoto wake wakapiga kelele za furaha, akafumbua. Akacheka. Alicheka mdomo ukiwa umefunikwa na kiganja, namna ile ya kwenu, na mabega yakitikisika. Hakunisalimu. Aliondoka na watoto wanamwigiza Jenerali njiani, mmoja baada ya mwingine, na yeye hakuwanyamazisha.

Wananionya. Padre ameniita akanisihi kwa upole. Jirani ameacha kukaa barazani kwangu. Ninawasikia wote, na mchana naogopa kila gari linalopunguza mwendo mbele ya duka. Kuogopa hakunizuii kutia uzi kwenye sindano.

Pumzika, rafiki yangu. Sikio lako limesikia ya kutosha. Ahadi yangu ni fupi: likichakaa nitakata lingine. Wakilichukua nitakata lingine. Wakilichoma mbele ya macho yangu, kesho yake nitanunua blanketi. Vipimo havimo kwenye karatasi wanayoweza kuipata. Kabugho ameshaanza kujifunza kukata, ana mkono mzuri, na anafundisha wengine wawili.

Mimi fundi wako,
Nekesa