Kondoo Aliyesaga Meno

Baba yangu,

Umeamkaje huko Ntimaru? Goti limepoa, ama bado unalisukuma tu hadi shambani? Mama naye? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Wiki hii nimewakumbuka sana. Unajua kazi yangu ni kutunza kondoo wa utafiti, wanaojaribiwa dawa ya kuunga mifupa kabla watu hawajapewa. Mwanzoni mwa wiki mmoja aliyepasuliwa mguu alikuwa anakula na kusimama, lakini alikuwa akisaga meno. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinipeleka zizini asubuhi, umande ukitulowesha miguu, ukiniambia, "Robi, mnyama akiumwa hasemi. Sikiliza meno, tazama masikio." Nikasimama pale nikiisikia sauti yako kabisa.

Nilimwambia daktari anayeongoza utafiti. Akasema, "Si anakula? Zimebaki siku mbili tu, na dawa hii itasaidia watoto wengi."

"Najua, daktari. Lakini sote tulitia sahihi kwamba maumivu yakizidi, tunasimamisha."

"Kazi yako ni kulisha kondoo," akanijibu.

Maneno yale yaliniuma, Baba. Niliogopa pia, maana nikifutwa kazi, kibali cha kuishi huku nacho kinakwisha. Hata hivyo niliiandikia kamati ya maadili, ile inayolinda wanyama wa utafiti. Mchana huohuo ikamtuma daktari wa mifugo. Alipoubonyeza ule mguu, kondoo akaanguka. Mfupa ulikuwa umejaa usaha.

Hakukuwa na la kumponya. Alidungwa sindano ya kumpumzisha milele, kichwa chake kikiwa pajani mwangu. Nililia kama siku ulipomuuza yule ng'ombe wetu mweupe, ukarudi nyumbani na kamba tupu. Kamati ikasimamisha majaribio hadi kondoo waliobaki waongezewe dawa ya maumivu.

Siku nne daktari wa utafiti hakunisalimia. Leo amekuja bandani amebeba kiti. Akaketi, akasema, "Nionyeshe unachokiangalia."

Tumekaa saa nzima tukiwatazama. Yeye ndiye aliyetangulia kumwona mwenye maumivu, aliyelaza masikio pembeni. Akaondoka mwenyewe kwenda kuleta dawa ya maumivu.

Nisalimie Mama, Nyanya, na kaka Mwita anayehangaika na mahindi pale mpakani. Shangazi Gati mwambie maombi yake yanafika.

Ni mimi binti yako, niliye mbali ila wenu,
Robi